Majilio: Kungojea Bwana si Kukaa Bure



Kila mwisho wa mwezi wa Novemba, kwaya zetu zinaanza mazoezi ya nyimbo za Noeli, akina mama wanapanga siku ya kusafisha kanisa, na watoto wanawauliza wazazi kama mwaka huu kutakuwa na nguo mpya. Katikati ya shughuli hizo kuna kipindi ambacho wakristo wengi wanakipita bila kukiona. Kinaitwa Majilio, waliosoma kwa Kifaransa wanakiita Avent. Ni majuma manne ya kungojea.

Kwetu mashariki mwa Kongo neno hili "kungojea" si jepesi. Mwalimu anangojea mshahara. Mama anangojea habari za mtoto aliyepotea njiani siku ya kukimbia. Jamaa iliyoacha shamba lake Rutshuru, Masisi au Djugu inangojea siku ya kurudi. Sisi sote tunangojea amani, na kuna vijana waliokwisha kuwa baba na mama ambao hawajaona hata mwaka mmoja usio na habari ya vita. Kwa hiyo mchungaji akisimama mimbarani na kusema, "Majilio ni wakati wa kungojea," mtu aliye kwenye benchi anaweza kusikia, "Endelea kunyamaza."

Je, ndivyo Biblia inavyofundisha? Katika makala hii tutaangalia Majilio ni nini, yalitoka wapi, Maandiko yanasema nini juu ya kungojea, na namna parokia inavyoweza kuyaadhimisha.

Majilio ni nini?

Majilio maana yake ni kuja. Neno la Kilatini ni *adventus*, na Wagiriki walisema *parousia*. Katika ufalme wa Roma maneno hayo yalitumiwa kwa ziara ya mfalme au mkuu aliyeingia mjini. Watu walitoka kumlaki, na njia ilitengenezwa mbele yake. Jambo hilo tunalijua: mkubwa akitarajiwa kwetu, mashimo ya barabara ya miaka mitano yanazibwa kwa siku mbili. Wakristo wa kwanza walichukua neno hilo la wafalme wakalitumia kwa Yesu.

Majilio yanaanza siku ya Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na yanaendelea mpaka mkesha wa Noeli. Yana Jumapili nne. Kwa makanisa yanayofuata kalenda hii, Jumapili ya kwanza ya Majilio ndiyo mwanzo wa mwaka wa Kanisa.

Wengi wanafikiri kwamba Majilio ni maandalizi ya siku ya kuzaliwa kwa Yesu tu. Lakini ukifungua masomo ya Jumapili ya kwanza hukuti hori wala wachungaji wa kondoo. Unakuta Mathayo 24, Marko 13 au Luka 21, mahali Yesu anaposema juu ya kurudi kwake na kuwaagiza wanafunzi wakeshe. Katika karne ya 12 Bernard wa Clairvaux alifundisha kwamba kuna kuja mara tatu: Kristo alikuja katika mwili na unyonge, anakuja sasa kwa Roho ndani ya waamini, na atakuja katika utukufu. Majilio yanashika yote matatu pamoja. Hatujifanyi kana kwamba Yesu hajazaliwa. Tunasema kwamba yeye aliyekuja kweli atakuja tena, na kwa hiyo siku tulizo nazo katikati zina mwenyewe.

Kipindi hiki kilitoka wapi?

Agano Jipya haliagizi Majilio, na hakuna mkristo anayepaswa kuhukumiwa kwa kuyashika au kutoyashika. Ni desturi iliyokua polepole. Katika karne ya 5, askofu Perpetuus wa mji wa Tours, katika nchi inayoitwa leo Ufaransa, aliagiza waamini wafunge siku kadhaa za juma kuanzia mwezi wa Novemba mpaka Noeli. Mwishoni mwa karne ya 6, Gregori, askofu wa Roma, alihubiri juu ya ishara za Luka 21 kwa watu ambao mji wao ulikuwa umetoka kupigwa na mafuriko na tauni. Tukumbuke jambo hilo tunapodhani kwamba Majilio ni ya watu wenye raha na taa za mapambo. Yalihubiriwa kwa watu waliokuwa wakizika wafu wao.

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Walutheri na Waanglikana waliyahifadhi Majilio, lakini wengi wa upande wa Calvin waliacha karibu kalenda yote. Wamisionari wengi walioleta Injili mashariki mwa Kongo walitoka katika makanisa yasiyofuata sana kalenda hiyo, ndiyo maana parokia nyingi za Kiprotestanti kwetu zinajua Noeli na Pasaka, basi. Waanglikana, ambao historia yao katika nchi yetu inaanzia Boga, Ituri, na Apolo Kivebulaya mwaka 1896, wana Majilio katika kitabu chao cha sala. Siku hizi jumuiya nyingine pia zimeanza kuyapokea, na ni vizuri wayapokee kwa kuelewa.

Maneno ya Biblia juu ya kungojea

Katika Agano la Kale kuna kitenzi cha Kiebrania *qavah*, kungojea kwa tumaini. Jina linalotokana nacho, *tiqvah*, maana yake ni tumaini. Lakini katika Yoshua 2 neno hilohilo *tiqvah* ni kamba: ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani. Tumaini la Rahabu lilikuwa kitu cha kushikika. Tena hakungojea peke yake. Aliambiwa akusanye baba yake, mama yake, ndugu zake na jamaa yote ndani ya nyumba ile. Kungojea kwake kulikuwa ni kamba dirishani na nyumba iliyojaa watu.

Katika Warumi 8:19 Paulo anatumia neno *apokaradokia*. Ndani yake kuna neno "kichwa". Ni picha ya mtu anayenyoosha shingo kutazama njia, kama mama aliyesimama kwenye barza akitazama kama gari la mwisho limefika. Na mistari michache mbele, Paulo anasema kwamba viumbe vyote vinaugua kama mwanamke mwenye utungu. Mwanamke aliye katika utungu wa kuzaa hafundishwi kunyamaza. Kuugua kwake ni sehemu ya kungojea.

Neno la tatu ni *prosdechomai*. Luka analitumia kwa Simeoni aliyekuwa akingojea faraja ya Israeli (2:25), kwa wale waliongojea ukombozi wa Yerusalemu (2:38), kwa watumishi wanaongojea bwana wao arudi kutoka arusini (12:36), na kwa Yosefu wa Arimataya aliyengojea ufalme wa Mungu (23:51). Lakini katika Luka 15:2 Mafarisayo wananung'unika kwamba Yesu anawapokea wenye dhambi, na neno ni lilelile. Paulo pia analitumia anapowaomba Warumi wampokee dada Foibe (16:2) na Wafilipi wampokee Epafrodito (2:29).

Kwa Kigiriki, basi, kumngojea mtu na kumpokea mtu vinaweza kusemwa kwa neno moja. Hapo ndipo ulipo moyo wa Majilio. Anayengojea ni yule ambaye mlango wake uko tayari kufunguliwa, na utayari huo unaonekana leo kwa jinsi anavyomfungulia yule anayebisha sasa.

Waliohamishwa Babeli: tarehe ya uongo na bustani ya kweli

Watu wa Yuda walipopelekwa Babeli walikuwa kama ndugu zetu tunaowaita madeplase: nyumba zao ziko nyuma, moyo wao uko nyuma, na kila siku swali ni moja, "Tutarudi lini?" Nabii Hanania aliwapa jibu zuri. Alisema mbele ya makuhani na watu wote kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu na wahamishwa wote watarudi (Yeremia 28). Bila shaka watu walimpenda. Yeremia alimwambia kwamba amewafanya watu watumainie uongo, na mwaka uleule Hanania akafa.

Kisha Yeremia akawaandikia wahamishwa barua (Yeremia 29). Wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe na kuozesha watoto. Wautafutie amani mji ule walimo na kuuombea. Miaka iliyotajwa ilikuwa 70, maana yake wengi waliosoma barua ile wangekufa kabla ya kurudi. Lakini hawakuambiwa wasahau Yerusalemu. Waliambiwa wapande bustani kwa sababu Mungu hajawasahau.

Kwetu pia wako akina Hanania. Kuna wahubiri wanaotangaza kwamba vita vitaisha mwezi fulani, na wanaomba sadaka ya kufungua mlango huo. Mwezi unapita, mhubiri anahamia mji mwingine, na mwamini anabaki akifikiri kwamba imani yake ndiyo ilikuwa ndogo. Wazee wa kanisa wasiliachie jambo hili. Yesu mwenyewe anasema katika Marko 13:32 kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Kanisa linaloshika Majilio vizuri linajifunza kusema "Sijui lini" na kusema pia "Najua ni nani."

Mkulima wa Yakobo

Huko Ulaya Majilio yanakuja wakati mchana ni mfupi na usiku ni mrefu, kwa hiyo mahubiri yao mengi yanasema juu ya giza na nuru. Sisi tulio karibu na ikweta mchana na usiku wetu karibu unalingana. Picha yetu iko shambani. Maharagwe yaliyopandwa mwezi wa Septemba, mvua ilipoanza, bado yako shambani wakati wa Majilio. Ghala limepungua, na bei sokoni imepanda. Mkulima hawezi kuyavuta ili yakomae. Lakini muulizeni kama amekaa bure! Amelima, amepanda, amepalilia, amefukuza mbuzi wa jirani. Kazi ya kukuza si yake. Kazi ya kupalilia ni yake.

Yakobo 5:7 anatumia mfano huo: mkulima anangojea mazao ya thamani, akivumilia mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika orodha ya masomo inayotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti, kifungu hiki kinasomwa siku ya Jumapili ya tatu ya Majilio katika mwaka wa kwanza wa mzunguko wa miaka mitatu. Lakini orodha inaanza kwenye mstari wa 7. Nawaomba wahubiri waanze kwenye mstari wa 1. Hapo Yakobo anawakemea matajiri waliozuia mshahara wa vibarua waliovuna mashamba yao, na anasema kilio cha wavunaji hao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ndipo mstari wa 7 unafuata, nao unaanza na neno "basi".

Tofauti ni kubwa. Ukianza kwenye mstari wa 7, uvumilivu unaonekana kama dawa ya kumlaza maskini. Ukianza kwenye mstari wa 1, unaona kwamba Yakobo kwanza anamkemea mwenye kudhulumu, kisha anamtia moyo aliyedhulumiwa: vumilia, kwa maana Hakimu amesikia na yuko karibu. Uvumilivu wa kikristo hauondoi kilio. Unasimama juu ya kilio kilichosikiwa.

Yohana gerezani

Katika Jumapili ya pili na ya tatu tunakutana na Yohana Mbatizaji. Luka 3:10-14 inaonyesha watu wakimwuliza, "Tufanye nini?" Aliyekuja kumtengenezea Bwana njia hakujibu kwa maneno ya juu juu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wasidai zaidi ya kile kilichoamriwa. Askari wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, na waridhike na mshahara wao. Msikilizaji aliyepita kwenye vizuizi vya barabara zetu hahitaji maelezo mengi hapo.

Yohana alimkemea pia Herode, na kwa sababu hiyo akafungwa. Ndani ya gereza, mtu huyu mwenye nguvu akatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama yeye ndiye ajaye au wamngojee mwingine (Mathayo 11). Yesu hakumkasirikia. Alimtumia habari za yale yanayoonekana, vipofu wanaona na maskini wanahubiriwa Habari Njema, kisha akamsifu Yohana mbele ya makutano. Mkristo aliyechoka anaweza kuuliza swali la Yohana bila kutolewa katika idadi ya wanaongojea.

Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa na serikali ya Hitler, aliandika kutoka gereza la Tegel mwezi wa Novemba 1943 kwamba chumba cha gereza kinafanana na Majilio: mfungwa anangojea, anatumaini, anafanya hili na lile, na mlango unaweza kufunguliwa kutoka nje tu. Aliuawa mwezi wa Aprili 1945. Mlango wa gereza haukufunguliwa kwa namna ambayo rafiki zake walikuwa wakiomba, na Kanisa linapaswa kulisema hilo pia bila kulificha.

Na kwetu, tarehe 10 Desemba 2018, siku ya Jumatatu ya juma la pili la Majilio, Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo pamoja na Nadia Murad. Katika hotuba yake alikumbusha ulimwengu juu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa inayohusu uhalifu uliotendeka Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, ambayo ilitolewa mwaka 2010 na ikaachwa ikae ofisini. Sijui kama alifikiria Majilio siku hiyo. Lakini sauti inayosema ukweli kabla haki haijafika ni sauti ya juma la pili.

Simeoni, Ana, na mama mmoja wa parokia yetu

Luka 2 inatupa wazee wawili waliongojea mpaka mwisho. Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake. Ana, binti Fanueli, alikuwa mjane aliyemtumikia Mungu hekaluni usiku na mchana kwa kufunga na kuomba. Luka anataja miaka 84. Anasema pia kwamba alikuwa wa kabila la Asheri, kabila la kaskazini lililopatwa na uhamisho wa Waashuri zaidi ya miaka 700 kabla. Wengi waliona makabila hayo kama watu waliopotea. Lakini Mungu alimweka mmoja wa kabila hilo hekaluni siku ile, na ndiye aliyewapasha habari wote waliokuwa wakingojea.

Nilipokuwa mchungaji kijana, nimetoka shule ya teolojia na vitabu vyangu, nilimtembelea mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amechukuliwa njiani akirudi kutoka sokoni. Miaka minne ilikuwa imepita bila habari. Nilimsomea Zaburi, nikamwambia, "Mama, tumngojee Bwana." Akanitazama kwa upole akasema, "Mchungaji, mimi ninajua kungojea. Kila jioni ninapakua bugali katika sahani ya baba watoto. Hukuja kunifundisha hilo. Ungekuja tungoje pamoja."

Nikanyamaza. Wakati wa kula ulipofika, alileta sahani ile. Ilikuwa na ufa pembeni. Watoto wawili wakakaa chini wakaanza kula humo. Nikauliza kama ni wajukuu. Akasema, "Hapana, hawa walifika na kundi la waliokimbia, mama yao yuko hospitali. Sahani haiwezi kulala tupu, na akirudi nitapakua nyingine."

Baadaye niliporudi kwenye Luka na kuona neno *prosdechomai*, sikuhitaji kamusi. Mama huyu alikuwa hajaacha kumngojea mume wake, na kwa sababu hiyohiyo alikuwa na sahani kwa ajili ya watoto wa mtu mwingine. Ndivyo inavyokwenda Mathayo 24 na 25 pia. Yesu anaanza kwa kusema "Kesheni", anaendelea na taa za wanawali kumi, kisha talanta za watumishi, na anamaliza na Mwana wa Adamu akisema kwamba alikuwa mgeni nasi tukampokea, au hatukumpokea. Mafundisho juu ya kungojea yanaishia mlangoni.

Namna ya kuadhimisha katika parokia

Majilio hayahitaji pesa nyingi. Taji la mishumaa ambalo wengine wanaliona katika picha lilianzishwa na Mprotestanti, mchungaji Johann Hinrich Wichern. Mwaka 1839, katika nyumba yake ya kuwalea watoto maskini karibu na Hamburg, watoto walimwuliza kila siku kama Noeli imefika. Alichukua gurudumu la mkokoteni akaweka juu yake mishumaa mikubwa kwa Jumapili na midogo kwa siku nyingine, wawashe mmoja kila siku na kuhesabu. Parokia inaweza kutumia mishumaa minne ya kawaida, au taa nne za petroli, na watoto wa Shule ya Jumapili wawashe moja zaidi kila Jumapili.

*Juma la kwanza: kukesha.* Someni Marko 13:24-37. Andikeni majina ya watu ambao parokia inawangojea: waliopotea, walio gerezani, walio mbali. Yasomwe katika maombi bila haraka. Aliyepoteza mtu wake asikie jina lake likitajwa kanisani.

*Juma la pili: kutengeneza njia.* Someni Luka 3:1-14. Kila mmoja ajiulize swali la watu wa Yohana, "Nifanye nini?", kwa kazi yake mwenyewe: mfanyabiashara na mizani yake, mtumishi wa serikali na muhuri wake, mwenye silaha na silaha yake, mchungaji na sadaka.

*Juma la tatu: kuvumilia kwa haki.* Someni Yakobo 5:1-11 pamoja na Mathayo 11:2-11. Halmashauri ya kanisa iangalie kama kuna mtu ambaye sisi wenyewe tunamdai uvumilivu isivyo haki: mlinzi wa parokia, mwalimu wa shule yetu, fundi aliyejenga ukuta. Deni la Kanisa lilipwe kabla ya Noeli, hata kama mapambo yatapungua.

*Juma la nne: kupokea.* Someni Luka 1:39-56. Maria, msichana mjamzito, alikwenda kwa haraka katika nchi ya milima, na Elisabeti akampokea nyumbani karibu miezi mitatu. Wengi wa waliohama kwetu hawakupokelewa na mashirika bali na jamaa na majirani, katika nyumba za vyumba viwili. Juma hili mashemasi wazitembelee jamaa hizo zinazopokea, kwa maana nazo zinachoka. Kilo chache za maharagwe, sabuni, na maombi ya pamoja ni Majilio kamili.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Ni jambo gani ambalo jamaa yako imelingojea kwa muda mrefu zaidi? Je, umewahi kulisema mbele ya Mungu bila kuficha uchungu wako?
2. Je, katika parokia yetu tumewahi kumwambia mtu "vumilia" mahali ambapo tulipaswa kumtetea?
3. Ni nani anayebisha mlangoni petu sasa, wakati tunasema kwamba tunamngojea Bwana?

Tuombe

Bwana Yesu, ulikuja kwetu na hukupata nafasi katika nyumba ya wageni. Utakuja tena, wala hatujui saa. Tunakuletea majina ya wote tunaowangojea. Wewe unajua walipo. Wasikie wavunaji ambao mshahara wao umezuiwa. Uwatie nguvu waliochoka kuuliza. Tulinde tusiwape watu wako tarehe za uongo, wala tusiwafunge kinywa kwa jina la uvumilivu. Utukute tumekesha, mkono kwenye kazi na mlango tayari. Amina.

Mungu awabariki, na awape Majilio mema.